Kalamu ya Kuteua: Nani Aishike Katika Mfuko wa Ufadhili wa Masomo?

Kila mwaka Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya Kidato cha Sita, furaha huenea katika shule zetu za uwanda huu wa kati, kutoka Mpwapwa hadi Kondoa, na kutoka Chamwino hadi Manyoni. Furaha hiyo hudumu siku mbili au tatu hivi. Baada ya hapo mwanafunzi aliyefaulu humjia mwalimu wake, akiwa peke yake na kwa sauti ya chini, akamwuliza: "Mwalimu, sasa nitasomeshwa na nani?"

Swali hilo sisi walimu tumezoea kulijibu. Twamwelekeza kijana mahali pa kuombea, twamsaidia kujaza fomu, twamkumbusha vyeti. Lakini ndani ya swali hilo limo swali la pili ambalo wanafunzi hawaliulizi, na ambalo sisi, nakiri bila kujitetea, hatuwafundishi kuliuliza. Chombo hicho kitakachonisomesha kinaongozwa na nani, kwa sheria ipi, na ni mkono wa nani unaoandika jina langu au kulifuta?

Nilianza kulifikiria jambo hili kwa sababu ya mwanafunzi wangu mmoja. Alitoka kijiji kimoja cha Ugogoni, akasoma Fizikia, Kemia na Hisabati, akafaulu vizuri sana. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa na jina alilopewa na bibi yake, jina la Kigogo la kukumbusha mwaka wa njaa. Shuleni aliandikishwa kwa jina la ubatizo, na jina la baba yake lilipoteza herufi moja mikononi mwa karani. Aliomba ufadhili katika mfuko mmoja ambao sitautaja. Majibu yalikuwa sentensi moja tu, kwamba hakuchaguliwa. Hakuelezwa kama ni alama hazikutosha, au fedha zilikwisha, au karatasi zilikuwa na kasoro. Alirudi nyumbani, akakaa mwaka mzima akipogoa mizabibu ya mjomba wake.

Yamkini msomaji atasema kwamba hiyo ni bahati mbaya ya mtu mmoja, na kwamba mambo ya bodi, wenyeviti na vifungu vya sheria ni ya wanasheria. Mimi nashikilia kinyume chake. Kijana yule alipoteza mwaka kwa sababu ya namna chombo kile kilivyoundwa, yaani kilikuwa na kalamu ya kuteua isiyolazimishwa na mtu yeyote kueleza ilichoandika.

Tuanze na neno lenyewe. Lugha yetu ina neno la kale linalofaa kabisa kwa mali inayotengwa kwa ajili ya manufaa ya watu wengi, nalo ni wakfu. Mtu akiweka shamba la minazi au nyumba kuwa wakfu, mali hiyo haiuzwi, hairithiwi, wala yeye mwenyewe hawezi kuirudisha kesho akibadili nia. Shina hubaki, na matunda ndiyo hutumiwa. Pia huwekwa msimamizi, ambaye si mwenye mali wala si mnufaika, na kazi yake ni kutimiza masharti yaliyoandikwa. Wazee wa pwani, na wenzao wa Kondoa, waliuelewa utaratibu huu kabla ya kuwapo kwa wizara yoyote ya elimu. Ndani yake mna mafundisho mawili ambayo serikali za kisasa husahau mara kwa mara: fedha zitenganishwe na mfuko wa matumizi ya kila siku, na mtoaji atenganishwe na msimamizi.

Serikali inapoanzisha chombo cha kusomesha watu, huwa kuna kalamu tatu. Ya kwanza huidhinisha fedha. Ya pili huandika kanuni: nani anastahili, kwa alama zipi, kwa masomo gani, kwa hali gani ya kipato. Ya tatu huandika majina. Kalamu mbili za kwanza hapana budi ziwe mikononi mwa mamlaka ya umma, kwa kuwa fedha ni za umma na sera ni za umma. Hoja yangu yote katika makala haya inahusu kalamu ya tatu. Hiyo isishikwe na yule aliyetoa fedha, wala na yule anayeweza kumfukuza kazi mwandishi wake, na kila inapoandika "hapana" iandike pia sababu.

Nchini mwetu kalamu hiyo imepita katika mikono mingi. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru mwanafunzi wa chuo kikuu alisomeshwa na serikali, akafungwa kwa mkataba wa kulitumikia taifa baada ya kuhitimu. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana alitakiwa kufanya kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu, na tena apate mapendekezo ya mwajiri wake na ya tawi la chama. Madhumuni yake yalikuwa mema, kwa maana hatukutaka wasomi waliojitenga na wakulima waliowalipia karo. Hata hivyo mapendekezo ya tabia ni kipimo kisicho na mizani. Mtu mmoja aliyekosana na kiongozi wa tawi lake angeweza kukosa nafasi, na hapakuwa na hesabu yoyote ya kumwonyesha alipokosea. Kisha mwaka 1992 ukaja utaratibu wa kuchangia gharama, na swali la nani alipiwe na nani ajilipie likawa kali zaidi.

Ndipo Bunge likatunga Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi mwaka 2005. Miaka mitatu kabla ya sheria hiyo, Sheria Na. 8 ya mwaka 2001 ilikuwa imeunda Mfuko wa Elimu na mamlaka yake ya kuusimamia. Sisi wa upande wa sayansi tuna mfuko wetu, MTUSATE, yaani Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia, ulio chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia tangu mwaka 1995. Na Benki Kuu ilianzisha mwaka 2009 mfuko wa kumkumbuka Mwalimu Nyerere, ambao umewasomesha hasa wasichana waliofanya vizuri katika hisabati na sayansi.

Bodi ya Mikopo ndiyo inayowagusa wengi, basi tuitazame kwa karibu. Mwenyekiti wake huteuliwa na Rais, na wajumbe huteuliwa na Waziri. Wako wanaosema kwamba jambo hilo peke yake latosha kuiondolea bodi uhuru. Mimi sikubaliani nao. Karibu kila chombo cha aina hii duniani huteuliwa na serikali iliyokiunda, na sijui ni nani mwingine angewateua. Jambo la kuchunguza ni linalofuata baada ya uteuzi: je, mjumbe akishakaa kitini anaweza kuondolewa kwa simu tu? Je, orodha ya majina hupita mezani kwa mtu mwingine kabla ya kutangazwa?

Lipo jambo lingine katika muundo wa Bodi hii ambalo wanafunzi wa Hisabati wataliona upesi. Bodi haitoi zawadi, inakopesha, na kile kinachorejeshwa ndicho hukopeshwa tena. Tufanye hesabu. Mwanafunzi akikopeshwa shilingi milioni 4 kwa mwaka, kwa miaka mitatu, atadaiwa milioni 12. Akipata kazi ya mshahara wa msingi wa shilingi 800,000, na akikatwa asilimia 8, atalipa shilingi 64,000 kwa mwezi, na deni litakwisha baada ya miezi 188, yaani zaidi ya miaka 15. Akikatwa asilimia 15, atalipa 120,000 kwa mwezi, na deni litakwisha kwa miezi 100, yaani miaka 8 na miezi 4. Kwa Bodi, tofauti hiyo ina maana kwamba fedha zilezile zaweza kumsomesha kijana wa pili mapema karibu mara mbili. Kwa mlipaji, ina maana ya shilingi 56,000 zinazopungua kila mwezi katika posho ya nyumbani.

Hesabu hii si ya kubuni tu. Sheria iliporekebishwa mwaka 2016, kiwango cha makato kilipandishwa hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kutoka asilimia 8 iliyokuwa ikitumika. Walioguswa ni pamoja na watu waliokuwa wamekwisha kutia saini mikataba yao na kuanza kulipa. Miaka mitano baadaye, katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 mjini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, tozo iliyokuwa imewakera wadaiwa kwa sababu deni lilikua huku wakilipa. Wafanyakazi walishangilia, nami nilikuwa mmoja wa waliofurahi. Lakini tukiyaweka mambo haya mawili pamoja, lile chungu na lile tamu, tunaona kwamba yalitoka sehemu moja. Masharti ya mkataba kati ya chombo na mwananchi yalibadilishwa kutoka juu. Mrejeshaji, ambaye kwa wakati huo si mfadhiliwa tena bali ni mchangiaji wa mfuko, alipokea habari kama anavyopokea habari za mvua. Mtu anayekatwa sehemu ya mshahara wake kwa miaka minane ili mtoto wa mwenzake asome anastahili kuulizwa kabla ya kanuni kugeuzwa, hata kama geuzo lenyewe ni la kumpendeza.

Hapa Dodoma tunao mfano wa jirani, ingawa hauhusu elimu. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ile tuliyoizoea kwa jina la CDA, iliundwa kwa amri ya Rais mwaka 1973, wakati taifa lilipoamua kuhamishia makao yake makuu hapa. Kwa zaidi ya miaka arobaini ilipima viwanja, ikagawa ardhi na kupanga mji. Tarehe 15 Mei 2017 Rais mwingine alitia saini ya kuivunja, na kazi zake zikahamishiwa Manispaa. Sisemi kuvunjwa kwake kulikuwa kosa, kwani wakazi wengi walikuwa na malalamiko ya miaka mingi juu ya viwanja vyao. Nataka wanafunzi waone tu tofauti ya asili. Kilichoumbwa kwa amri huondoka kwa amri, siku moja, mchana kweupe. Kilichoumbwa kwa sheria ya Bunge hakiondoki mpaka Bunge liketi, muswada usomwe, na wabunge waseme wanalolisema.

Kwa sababu hiyo nina wasiwasi kidogo juu ya mpango mmoja ninaoupenda sana. Katika mwaka wa masomo 2022/2023 serikali ilianzisha ufadhili uliopewa jina la Rais aliyeuanzisha, Samia Scholarship, kwa ajili ya wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi za Kidato cha Sita. Zilitengwa shilingi bilioni 3 za kuanzia. Huu si mkopo, kijana hadaiwi kitu, na kipimo chake ni alama za mtihani wa taifa, ambazo haziulizi wewe ni mtoto wa nani. Kwa jarida kama hili, lililojitolea kueneza sayansi, hakuna jambo la kulalamikia hapo. Lakini fedha zitokazo katika bajeti ya mwaka hutegemea bajeti ya mwaka, na mpango unaobeba jina la kiongozi huweza kumchosha kiongozi ajaye. Laiti mpango huu ungepewa sheria yake yenyewe, bodi yake, na shina la fedha lisiloguswa!

Shina hilo si ndoto. Tuseme serikali imetenga shilingi milioni 1,000 mara moja tu, zikawekwa katika hati fungani za muda mrefu zenye riba ya asilimia 12. Kila mwaka zitazaa milioni 120. Kama bei za vitu zinapanda kwa asilimia 4, lazima milioni 40 zirudishwe shinani ili shina lisinyauke. Zinabaki milioni 80, ambazo kwa milioni 4 kwa kila mmoja zawasomesha wanafunzi 20, mwaka huu, na mwakani, na mwaka ambao mimi nitakuwa nimestaafu. Wamarekani hufanya hivi. Bunge lao liliunda mwaka 1975 mfuko wa kumkumbuka Rais Harry S. Truman, na mwaka 1986 mfuko wa kumkumbuka James Madison, na fedha za mifuko hiyo huwekwa katika dhamana za Hazina ya nchi. Huo wa Madison utawavutia walimu wenzangu, kwa kuwa huwasomesha walimu wa sekondari wa historia na uraia hadi shahada ya uzamili, ili wakaifundishe katiba ya nchi yao kwa ufahamu zaidi. Tena sheria yake inakusudia kwamba kila jimbo lipate angalau mtu mmoja kwa mwaka, akiwapo anayestahili na fedha zikiruhusu.

Sharti hilo la jimbo litazua ubishi tukilileta huku. Wazee miongoni mwetu wanakumbuka mgawo wa nafasi za Kidato cha Kwanza kimikoa katika miaka ya 1970 na 1980, na jinsi mzazi wa mkoa wenye shule nyingi alivyonung'unika mtoto wake mwenye alama nyingi alipoachwa. Mimi ni mtu wa uwanda wa kati, basi msomaji anisikilize kwa tahadhari. Naona kwamba alama 70 zilizopatikana katika shule isiyo na maabara, ambako wanafunzi hujifunza kupima tindikali kwa kuchora picha ya chupa, si sawa na alama 70 za shule yenye kila kitu. Mwanasayansi hawezi kulinganisha vipimo viwili bila kuuliza vilipimwa katika mazingira gani. Kanuni inayozingatia hilo haimpendelei mtu. Ila iandikwe waziwazi, kwa tarakimu, kabla ya maombi kufunguliwa, isije ikaongezwa gizani baada ya majina kuonekana.

Wala nisiwasifu Wamarekani kupita kiasi, kwa maana wao pia wametupa somo la upande wa pili. Mpango wao wa Fulbright, uliotungiwa sheria mwaka 1946 na kuanza kwa fedha za mauzo ya mali za vita zilizobaki ng'ambo, una bodi ya watu 12 wanaoteuliwa na Rais. Bodi hiyo ndiyo iliyopewa na sheria neno la mwisho juu ya majina. Mwezi Juni 2025 karibu wajumbe wote walijiuzulu kwa pamoja. Walisema kwamba serikali ilikuwa imewanyima ufadhili watu wengi ambao bodi ilikwisha kuwachagua, baada ya mchujo wa muda mrefu. Nchi yenye utajiri wote ule, na sheria ya karibu miaka 80, na bado kalamu ya kwanza ilijaribu kuishika kalamu ya tatu! Wajumbe wale hawakuweza kuizuia. Walichoweza ni kuondoka na kueleza kwa maandishi ni kwa nini, na dunia ikajua.

Kwetu ulinzi uliopo ni wa namna nyingine, nao upo hapahapa mjini kwetu. Ibara ya 143 ya Katiba inamwagiza Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali awasilishe taarifa yake kwa Rais, na Rais aagize ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kianze. Bodi ya Mikopo ni miongoni mwa vyombo vinavyokaguliwa. Taarifa hizo huwekwa wazi kwa umma. Nimezipeleka darasani mara mbili, katika kipindi cha Uraia, nikawaachia wanafunzi watafute wenyewe fedha kiasi gani zilikopeshwa, kiasi gani zilirejeshwa, na mkaguzi alilalamikia nini. Kelele za darasa siku hizo zilikuwa kubwa kuliko za kipindi chochote cha mwaka. Msichana mmoja aliuliza kwa nini mkaguzi hukagua shilingi lakini hakagui barua za kuwakatalia watu. Nilitafuta jibu sikulipata, na mpaka leo naona swali lake lilikuwa bora kuliko somo langu.

Ukaguzi wa barua hizo ungekuwa kazi nyepesi. Kila mwombaji apewe namba, kila kipengele kipewe alama, na kila aliyekataliwa apelekewe karatasi yenye alama hizo pamoja na upungufu uliopatikana katika vyeti vyake. Bodi ya Mikopo hufungua dirisha la rufaa baada ya kutangaza majina, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini rufaa bila sababu ni sawa na kumwambia mwanafunzi asahihishe mtihani ambao hajarudishiwa. Vyombo vyote vya ufadhili, viwe vya sheria au vya bajeti, vya serikali kuu au vya mashirika yake, vingeweza kuanza kufanya hivyo katika msimu ujao wa maombi bila kusubiri muswada wowote.

Yule kijana wa mizabibu hatimaye alisafiri mwenyewe, mwaka uliofuata, akapanga foleni katika ofisi ya mfuko ule. Karani mmoja, aliyekuwa anafunga jalada ili aende kula, alimwambia kwa mdomo tu kwamba majina yake hayakulingana. Alikwenda kwa wakili, akaapa kiapo cha majina, akapigiwa muhuri. Shughuli yote ilichukua siku mbili. Sasa yuko mwaka wa pili wa shahada ya Fizikia.